Jina Lililofutwa kwa Wino Mwekundu

Uligeuza uso. Usijitetee. Kioo cha duka lile la saa kilikuwa safi kuliko macho ya watu wengi mjini Lubumbashi, na wewe ulipita mbele yake kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza ulimwona kijana ananunua saa ya ukuta. Jumamosi ya kumi ukamwona tena, ananunua saa nyingine ya ukuta. Ulimwona na msichana wa kaunta, jinsi alivyoifunga ile saa polepole mno, kama mtu anayefunga kitoto kichanga. Ulijua. Ukacheka kidogo, ukaenda zako sokoni. Sasa kaa chini usikie ulichokiacha nyuma yako.

Msichana huyo ni Mounira, binti wa Mzee Djuma, fundi saa wa Kamalondo. Ukoo wao ulitoka Maniema zamani, na baba yake anatengeneza saa tangu ujana wake, meza moja, kiti kimoja, kioo kimoja cha kubana jichoni. Mounira alilelewa kwenye mlio wa saa. Ndiyo maana alipofikisha miaka ishirini na miwili alipewa kazi katika duka lenye kibao cha shaba ukutani, kibao kilichotoka Uswisi, kinachosema kwamba hapa ndipo mahali pekee mjini paliporuhusiwa kuuza saa zile zinazotafutwa na dunia nzima.

Na ulidhani saa zile zinanunuliwa kama sukari? Ungekuja na mfuko wa dola ukausukuma mezani, Madame Julienne, mkuu wa duka, angekutazama kama mtu aliyeingia kanisani na mbuzi. "Hapa hatuuze saa," alizoea kusema. "Tunachagua mukono." Kwanza unaandika jina kwenye daftari. Kisha unangoja. Unapongoja unanunua vitu vidogo, mkanda, saa ya mezani, saa ya ukuta, ili duka likujue wewe ni mtu wa namna gani. Mwaka unapita. Wa pili unapita. Siku jina lako likifika juu, unakuja mwenyewe, jina lako linaandikwa kwenye sertifika, cheti cha saa, na kile kiplastiki cha kiwandani kinachoifunika kinabanduliwa mbele yako, saa inafungwa mkononi mwako hapo hapo. Sababu ni moja tu. Saa yenye plastiki na sertifika isiyo na jina inauzwa kesho yake ng'ambo ya mpaka kwa bei ya mara tatu. Duka likikamatwa limemuuzia mchuuzi wa namna hiyo, Uswisi hawatumi saa tena.

Daftari la majina lilikuwa mikononi mwa Mounira. Kubandua plastiki, kazi ya Mounira. Na kufuta majina ya wachuuzi kwa wino mwekundu, Mounira pia.

Kijana wa saa za ukuta aliitwa Onésime. Mnande wa Butembo, mji wa mbali mashariki, mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe na vitenge, Mkristo, mrefu, mwenye aibu ya kusema na ujasiri wa kutazama. Jina lake liliandikwa la arobaini na moja kwenye daftari, kwa saa moja tu, ile ya chuma yenye uso wa bluu. Dorcelle, mwenzake Mounira wa kaunta, alimpa jina la utani siku ya tatu.

"Mounira! Bwana Ukuta amekuya!"

"Nyamaza, anasikia."

"Asikie! Bonjour, Bwana Ukuta. Nyumba yako iko na kuta ngapi?"

"Niko na chumba moja tu, mama," Onésime alijibu, macho yake hayakwenda kwa Dorcelle hata kidogo. "Kuta zimeisha. Sasa minaanza kutundika kule juu, ku plafon."

Mounira alicheka mpaka akakosea risiti. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Karibu miaka miwili baadaye, kando ya ziwa kule Karavia, samaki wa kuchoma amebaki mifupa kwenye sahani, Mounira alimuuliza zile saa zote anazifanyia nini.

"Hakuna hata moja inayotembea," alisema Onésime.

"Zimekufa? Zilete, Baba atatengeneza."

"Hazikufa. Miye njo naondoaka pile, ile betri yake. Kila saa naisimamisha pale pale ulipoiweka mu mukono yangu. Ya kwanza ni saa tatu na dakika makumi mbili. Ingine saa ine kasoro. Nikiingia mu chumba, nakuona mara kumi na sita."

Mounira alisukuma sahani pembeni. Aliutazama mkono wake mwenyewe mezani, kisha mkono wa Onésime ukija juu yake, ukakaa.

"Basi juu ya nini haukuye kwa Baba?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Uso wa Onésime ukafunga. "Kuna kitu nangojea. Usiniulize, mupenzi. Nakuomba hii moja tu. Usiniulize."

Hakuuliza. Miezi minane hakuuliza. Lakini swali usilouliza haliondoki. Linakaa kooni kama mfupa wa samaki.

Kisha ukaja mwisho wa mwaka 2008, na bei ya shaba ikaanguka kama jiwe kisimani. Unakumbuka, au hilo nalo ulilitazama kwa pembeni? Makampuni yaliyokuwa yakinunua madini yalifunga malango usiku mmoja. Watu walioondoka nyumbani na chakula cha mchana kwenye mkoba walirudi saa nne asubuhi na mkoba mzima. Wenye magari wakaanza kuyauza. Na wenye pesa bado, wakataka kitu kimoja: mali inayoingia mfukoni na kuvuka mpaka. Saa. Kila siku mlangoni pa duka watu kumi, wote wanatabasamu, wote wanaapa kwamba wanapenda saa tangu utotoni.

Jumamosi ile, siku ya posho kama wanavyoiita wazee, Madame Julienne aliwaita wasichana wawili nyuma ya duka.

"Leo tunafunga. Siyo leo mangaribi. Leo saa sita. Wenye duka banarudia Ulaya. Imebakia saa moja ya bluu, ilifika juzi. Haitalala hapa. Mounira, jina gani iko juu?"

Mounira alifungua daftari ingawa alikuwa analijua kama sura ya Kurani. Wa thelathini na tisa alikuwa amehama. Wa arobaini alikuwa amefilisika.

"Onésime," alisema.

"Wa pili?"

"Bwana Godefroid."

"Baite bote wawili. Wa kwanza akikosa, wa pili achukue."

Onésime alifika akihema. Siku hiyo hakutabasamu. Shati limekunjamana, macho mekundu. Ghala lake lilikuwa limefungwa wiki nzima, Mounira alisikia kwa watu, hakusikia kwake. Nyuma yake akaingia Godefroid, mtu mnene wa biashara ya malori, akaketi kwenye kiti cha wageni na kuanza kutikisa mguu.

"Iko hapa?" Onésime aliuliza.

Mounira aliweka kisanduku kwenye kitambaa cha kijani, akakifungua. Uso wa bluu ukang'aa kama maji ya ziwa Karavia saa ya mchana. Onésime alifunga macho kidogo, kama mtu aliyefika.

"Nyosha mukono," alisema Mounira, akicheka kwa furaha. "Nibandue plastiki."

Onésime akaurudisha mkono wake nyuma.

"Hapana. Mounira, plastiki ibakie."

Kucheka kukamfia midomoni. Maneno yale aliyajua. Kila aliyefutwa kwenye daftari lile alianza nayo.

"Plastiki ibakie?"

"Ibakie. Haipashwe kufunguliwa mbele... Kuna muntu anapashwa kuiona vile ilitoka ku fabrique, kule kiwandani. Na ile sertifika. Weye unaweza kuandika jina ingine? Siyo yangu."

Dorcelle aliacha kupanga mikanda. Hata mguu wa Godefroid ulisimama.

"Jina ya nani?" Mounira aliuliza.

"Siwezi kusema."

"Unajua sheria. Kama ni zawadi, mwenye zawadi akuye mwenyewe, asaini mbele yangu. Mwite."

"Hawezi kusaini leo. Bado hajajua."

"Eko wapi?"

Onésime alimtazama. Lo, jinsi alivyomtazama! Mtu yeyote mwenye macho angesoma jina katika uso ule. Lakini Mounira alikuwa ameacha kusoma nyuso; alikuwa anasoma sheria.

"Eko karibu," alisema.

"Ni mwanamuke?"

Kijana hakujua kusema uongo. Hilo ndilo lililomponza. "Ni mwanamuke."

Mounira alikifunga kisanduku. Miaka miwili na nusu ya Jumamosi ilimpita mbele ya macho, saa moja baada ya saa nyingine, zote zimesimama.

"Dorcelle amesikia unaondoka. Ni kweli?"

"Leo, ndege ya saa tisa. Kwetu kuna vita, baba yangu mugonjwa, biashara imekufa. Sikutaka kukuambia mbele ya hii saa. Nilisema nikiipata, mambo yote..."

"Ukiipata unaiuzisha Goma! Miaka miwili unanichekea, unanikulisha samaki, juu ya liste! Uliona nani anashika daftari, ukasema huyu njo mulango!"

"Mounira!"

"Ulinipenda miye ao ulipenda liste?"

"Niliapa," alisema Onésime. "Nilishika mukono ya mukubwa mumoja, nikaapa sitakuambia. Nipe dakika tano. Nimupigie simu aniachilie kiapo. Dakika tano, nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Alitoka mlangoni. Mounira alimwona kupitia kioo, simu sikioni. Alipiga. Akangoja. Akapiga tena. Watu walikuwa wakipita karibu naye, wakimkwepa. Alipiga mara ya tatu, akaweka kiganja juu ya kichwa kama mfiwa.

"Mademoiselle," Godefroid aliita, "lori yangu iko njiani ya mupaka, Kasumbalesa. Plastiki toa, jina andika yangu, nivae, niende. Sina maneno mingi."

Madame Julienne alitoa kichwa mlangoni. "Saa sita kasoro tano, Mounira."

Onésime akarudi. "Hashike simu. Ngoja kidogo tena."

Mounira alifungua kalamu nyekundu. Alipitisha mstari juu ya jina la arobaini na moja. Akaupitisha mara ya pili.

"Unafuta jina yangu?" Onésime aliuliza polepole, kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, bado haamini ni yake. "Mounira. Weye mwenyewe?"

"Bwana Godefroid, nyosha mukono."

Plastiki ilibanduka kwa mlio mdogo. Onésime aliutazama mkono mnene ukivaa uso wa bluu. Hakupiga kelele. Alisogea, akaweka kidole kimoja juu ya wino ambao haujakauka, akakiangalia kidole chake.

"Asante, mama," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Akatoka.

Mounira alifika Kamalondo saa nane, machozi yamekaukia shavuni, kichwa juu. Baba yake alikuwa mezani, kioo jichoni, amejikunja juu ya saa ndogo ya kike. Shangazi yake Kulthumu, dada wa baba, alikuwa anachambua mchele mlangoni.

"Baba, nimefanya kazi yako. Ulinifundishaka saa haina urafiki na mwongo. Leo nimekamata mwongo."

"Nani?" Mzee Djuma hakuinua kichwa.

"Mnande mumoja. Onésime. Jina yake ilifika juu, saa ya bluu. Alitaka plastiki ibakie na jina ya mwanamuke mwingine ku sertifika. Nimemufuta. Nimempatia mwingine."

Koleo ndogo ilidondoka sakafuni. Kisha kioo kikadondoka kutoka jichoni, kikagonga meza, kikabiringika. Mzee Djuma hakukidaka, mtu ambaye hajawahi kuangusha hata skrubu.

Shangazi Kulthumu akasimama. Mchele wote ukamwagika.

"Jina lake limefika juu?" alinong'ona Mzee. "Juu kabisa?"

"Limefika, Baba. Juu ya nini?"

"Haiwezekani. Nilihesabu miaka kumi."

"Umesema nini?"

"Mwambie, Djuma!" Kulthumu alipaza sauti. "Mwambie sasa hivi ao namwambia miye! Miezi nane nafunga kinywa juu yako! Mwambie!"

Mzee aliinamia meza. Basi shangazi akasema.

"Onésime alikuya hapa, mutoto yangu. Alikuya na kofia mu mukono, akakuomba. Baba yako hakutaka Mnande, hakutaka mutu wa mbali, na hakutaka kuonekana mubaya. Akasema: mahari ya binti yangu siyo pesa, siyo mbuzi. Mahari ni saa ile ya uso wa bluu unayongojea, inunuliwe ku duka yenye kibao, siyo ku barabara. Ikuye na plastiki yake, miye fundi nione hakuna muntu aliigusa. Na ku sertifika iandikwe jina moja."

"Jina gani?" Mounira aliuliza.

"Mounira binti Djuma."

Hakulia. Alitazama mkono wake wa kulia. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na doa jekundu la wino.

"Na kwa nini sikuambiwa?"

"Juu weye njo unashika daftari," alisema baba yake, sauti ya mtu mzee ghafla. "Ungemupandisha. Nikamwapisha. Nilijua liste ile haitembei. Nilimpa kisima bila kamba, nikafikiri atachoka. Wanachokaka wote."

"Na dini, ulimwambia nini?"

"Nilisema dini tutasema kisha saa."

"Hakungoja," Kulthumu alisema. "Kila siku ya ine, Alhamisi, anaenda kwa shehe, kusoma. Nilimwona. Nikanyamaza. Hata Dorcelle wako alimwona hapa ku meza, akanyamaza. Tulinyamaza shiye wote, tukasema siyo maneno yetu."

Mounira aligeuka kwa baba yake. Kitu kingine kilikuwa kimemgonga, polepole, kama sindano ya dakika inayofika.

"Alitoka nje kupiga simu. Mara tatu. Kwa mukubwa mumoja, amuachilie kiapo. Baba, simu yako iko wapi?"

Mzee Djuma alitazama droo ya meza, mahali anapoweka spiringi. Mounira akaivuta. Simu ilikuwa imelala katikati ya vyuma vidogo, taa yake inamulika. Mara tatu. Jina lilelile alilolifuta.

"Niliona ni yeye," baba alisema. "Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nikaogopa ataniambia ameipata."

Mounira alimpigia Onésime. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Saa ishirini za ukuta wa Mzee Djuma zilisema saa nane na robo, zote kwa sauti moja, maana fundi yule hakuvumilia saa inayosimama.

"Ndege saa tisa," alisema, akavaa kiatu kimoja, akasahau kingine, akarudi.

"Mounira," baba yake aliita. Hakuinuka kitini. "Mwambie... mwambie mahari imefika. Miye njo nimesema. Imefika."

Shangazi alikuwa ameshasimamisha taksi. "Luano, ku ndege, papa! Usisimame kwa muntu!"

"Mama, kuna magari mingi, watu banakimbia muji..."

"Nimesema usisimame!"

Walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Uwanja ulikuwa umejaa watu na masanduku yaliyofungwa kwa kamba. Askari wa mlangoni aliinua mkono: bila tikiti hakuna kuingia. Shangazi akamshika shati, akampigia kelele, akamwita mwanangu, akamwita shetani. Mounira alikimbia ubavuni, mpaka kwenye kioo kirefu kinachotenganisha wanaobaki na wanaoondoka.

Akamwona.

Onésime alikuwa wa tano kwenye mstari, mgongo kwake. Mkononi hana saa. Chini ya kwapa amebeba kitu cha duara kilichofungwa kwa kitenge, na kitenge kimeteleza upande mmoja. Mounira aliona namba, akaona sindano. Saa tatu na dakika ishirini.

Alipiga kioo kwa viganja viwili. Aliita jina lile kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Nje injini ilikuwa inanguruma, na sauti yake ilirudi usoni mwake na joto lake lote. Mtu wa kwanza akatoka kwenda kwenye ndege. Onésime akawa wa nne. Viganja vya Mounira viliacha alama kwenye kioo, na kimoja kiliacha alama nyekundu.

Na wewe uko humo ndani. Ndiyo, wewe. Wewe uliyesimama nyuma yake na mkoba wako. Umemwona msichana kwenye kioo, umeona mdomo wake unavyosema jina, na umeanza kugeuza uso, kama ulivyozoea, ukisema siyo maneno yako. Babake alisema hivyo. Shangazi alisema hivyo. Dorcelle alisema hivyo. Onésime amekuwa wa tatu sasa. Hutumwi kupigana na mtu, hutumwi kutoa chochote. Inua mkono wako. Mguse bega. Mwambie ageuke.

Mguse. Sasa.